Ukimuuza Poni Mgonjwa, Nani Anabaki na Mzigo?

Mwenye poni mgonjwa ana njia tatu. Amweke, aendelee kumlisha na kumtibu hata kama hapandiki tena. Amwazimishe mtu mwingine, huku yeye akibaki mwenyewe. Ama amuuze, achukue pesa, mambo yaishe. Kwa wengi wetu Nairobi, ambao farasi tunamwonea mbali kule Ngong Racecourse, hili linakaa tatizo la matajiri wa Karen. Lakini swali lenyewe ni la zamani, na limeshawagusa watu wasio na hata pesa ya daktari. Historia yake inasema kitu kimoja: kuuza hakumalizi shida ya mnyama mgonjwa. Kunaihamisha tu, na mara nyingi inamwangukia aliye na kidogo.

Tuanze na kitabu. Anna Sewell, Mwingereza aliyeumia vifundo vya miguu akiwa msichana na kutegemea gari la farasi ili atembee, alichapisha Black Beauty mwaka 1877. Wengi wanakijua kama hadithi ya watoto. Kisome ukiwa mtu mzima, utaona ni kama daftari la mauzo. Mke wa Squire Gordon ni mgonjwa, familia inahama nchi, na farasi lazima wagawanywe. Beauty na Ginger wanauziwa bwana mkubwa mmoja. Merrylegs, yule poni mdogo, hauzwi. Anapewa kasisi kwa masharti: asiuzwe kamwe, na siku atakaposhindwa na kazi apigwe risasi na azikwe.

Masharti makali, ama? Sasa mfuate Ginger. Anakimbizwa kupita kiasi hadi pumzi inaharibika. Anapumzishwa malishoni, anaonekana amepona, anauzwa. Ugonjwa unarudi. Anatibiwa kidogo, anauzwa tena. Kila mnunuzi ni wa hali ya chini kuliko aliyetangulia, hadi anaishia kuvuta magari ya abiria London, na hapo ndipo anapofia. Kila aliyemuuza alimrushia mwenzake tatizo. Na bei inaposhuka, mnyama anafika kwa mtu ambaye hawezi kumpumzisha hata siku moja, kwa sababu siku hiyo watoto hawatakula.

Utasema hiyo ni riwaya tu. Sawa, twende Cairo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha mwaka 1918, jeshi la Uingereza lilikuwa na farasi wengi sana Misri na Palestina. Kuwarudisha nyumbani kulikuwa ghali. Australia peke yake ilikuwa imepeleka farasi zaidi ya 130,000 ng'ambo, na kwa sababu ya gharama na sheria za karantini ni mmoja tu aliyerudi, Sandy, farasi wa Jenerali Bridges. Wengine waliobaki Mashariki ya Kati, wazee na wagonjwa walipigwa risasi. Wenye nguvu kidogo walihamishiwa vikosi vingine, na maelfu wakauzwa Misri. Kwenye vitabu vya hesabu vya jeshi, kesi ikafungwa.

Mwaka 1930, Dorothy Brooke alifika Cairo na mumewe, afisa wa kikosi cha farasi. Akawakuta farasi wa vita bado wanavuta mikokoteni, miaka 12 baada ya vita: wazee, vilema, wamekonda. Mwaka 1931 aliandika barua kwenye gazeti la Morning Post huko London, na wasomaji wakatuma pesa. Ndani ya miaka mitatu alikuwa amewanunua farasi kama 5,000. Wengi walikuwa wamechoka kupita kiasi cha kuokolewa. Alichowapa ni chakula, mapumziko, na kifo kisicho na maumivu.

Kinachonivutia kwake ni alivyowaona wenye farasi hao. Hakuwachukulia kama wakatili tu. Aliona ni maskini waliouziwa mnyama aliyechoka na dola tajiri, wakabaki kumtegemea kwa ugali wao wa kila siku. Ndiyo maana mwaka 1934 alifungua hospitali Cairo iliyotibu bure wanyama wa kazi. Ukimtibu farasi wa maskini, umemtibu na maskini.

Hospitali hiyo ndiyo iliyozaa shirika la Brooke, ambalo leo linafanya kazi hata hapa Kenya, na mnyama wake mkuu hapa ni punda. Na sisi pia tumepitia swali hilihili. Kuanzia 2016, vichinjio vyenye leseni vilinunua punda kwa ajili ya ngozi, ambayo China huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Watafiti wa KALRO walihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa kufikia mwisho wa 2018. Ghafla hata punda kilema akapata bei, maana ngozi haiulizi kama mguu unauma. Wengine waliuza kwa hiari. Wengine waliibiwa usiku, na kina mama wakarudi kubeba maji kwa mgongo. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2020, mahakama ikaifungua tena 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaikataza barani kote.

Basi mwenye poni afanye nini? Kumweka ndiyo njia safi zaidi kama pesa ipo, na si kila ugonjwa ni mwisho. Poni wengi huugua ndani ya kwato kwa kula majani matamu kupita kiasi, na wakipunguziwa chakula na kutengenezewa kwato vizuri wanaweza kuishi miaka mingi.

Kuazimisha nako kuna mantiki yake, na wafugaji wetu wanaijua. Kwa vizazi wamewaachia jamaa na marafiki wa mbali mifugo, ili ukame ama ugonjwa usimalize zizi lote. Lakini ng'ombe wa kuazima analipa kwa maziwa. Poni mgonjwa halipi chochote zaidi ya kumpa farasi mwingine mwenzake wa malishoni. Kwa hivyo, kabla hajaondoka, iandikwe: daktari analipwa na nani, atarudi lini, na kwamba hauzwi.

Na kama ni lazima kuuza, mnunuzi aambiwe ugonjwa wote, kisha aulizwe kama ataweza kumpumzisha mnyama huyo wiki nzima bila nyumba yake kulala njaa. Akisema hapana, usimuuzie. Rudi kwa yale masharti ya Merrylegs, ambayo mwanzoni yalionekana ya kikatili. Yule bwana wake angeweza kuchukua pesa na kusahau. Alichagua kubeba yeye mwenyewe uamuzi mgumu, badala ya kumwachia dereva fulani maskini wa London.