Nakala za Thoreau Zilizorudishwa

Kitabu cha kwanza cha Henry David Thoreau, Mmarekani apendwaye kwa maandishi yake juu ya misitu na mito, *A Week on the Concord and Merrimack Rivers*, kilipigwa chapa mwaka 1849, nakala 1,000, gharama ikiwa juu yake. Wanunuzi walikuwa haba. Mwaka 1853 alirudishiwa nakala 706, akazipandisha darini. Mwaka 1862, mwaka aliokufa, Ticknor and Fields walizinunua zilizosalia, wakazitia ukurasa mpya wa jina. Ndiyo maana wakusanyaji hugombea zenye tarehe ya 1849, ingawa matini ni ile ile. Mwanachuoni afadhali afunue ukurasa wa 396: mistari mitatu ilidondoka chapani, na katika nakala kadha Thoreau aliirudisha kwa penseli, kwa mkono wake.