Boudin kabla ya Monet

Eugène Boudin akitajwa katika historia ya sanaa ya Ufaransa, aghalabu hutajwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ndiye aliyemshawishi kijana Claude Monet, mchora vibonzo wa Le Havre, atoke nje achore mbele ya bahari yenyewe, na Monet alilikiri deni hilo hadi uzeeni. Sifa hiyo ni ya haki, ila imemdhulumu mzee: imemgeuza ngazi ya kupandia wengine, ilhali ukuaji wake una mantiki yake. Alizaliwa Honfleur mwaka 1824, mtoto wa baharia, na kabla ya kushika brashi aliuza karatasi na fremu dukani Le Havre, ambako wachoraji kama Millet walimtia moyo. Mwaka 1851 mji huo ulimfadhili asome Paris kwa miaka mitatu. Alinakili kazi za wakongwe pale Louvre, lakini kilichomkomaza ni anga la kwao. Ushahidi ni michoro yake ya pasteli ambayo mshairi Baudelaire aliisifu mwaka 1859: mawingu matupu, na pembeni ameandika tarehe, saa na upepo uliokuwa ukivuma. Mtu anayeandika hivyo hapambi ukuta, anachunguza.

Wapo wanaosema uchunguzi huo ulimalizikia kwenye pochi za matajiri. Kuanzia 1862 alichora wageni wa ufukwe wa Trouville, mabibi wa sketi pana na miavuli yao, na picha hizo zilipata wanunuzi. Ni kweli, alihitaji kula. Lakini zitazame: watu wamebanwa chini kama utepe, nyuso hazitambuliki, na sehemu kubwa ya picha ni anga. Yeye mwenyewe, aliporudi kutoka Bretagne mwaka 1867, aliona aibu juu ya umati ule. Mwaka uliofuata akautetea kwa rafiki yake, kwamba kama wakulima wana wachoraji wao, hata mabwanyenye wanastahili kuchorwa. Mchuuzi wa picha hajisumbui kwa mabishano ya namna hiyo.

Lawama nzito zaidi ni kwamba alirudia mambo yaleyale: bandari, majahazi, maji kujaa na kupwa. Ila bahari ya saa nne si ya saa kumi, na kurudia ndiko kulikoulegeza mkono wake. Alishiriki maonyesho ya akina Monet mwaka 1874, akapata medali ya dhahabu Paris mwaka 1889, na hata Venice ya miaka yake ya mwisho aliichora kwa jicho la mtu wa pwani ya Normandie. Alifariki Deauville mwaka 1898. Miaka miwili baadaye kaka yake, Louis, aliikabidhi Le Havre kazi zaidi ya 200 kutoka karakana yake, nyingi zikiwa za majaribio. Anayetaka kumpima Boudin aanzie kwenye kazi hizo, kisha ndipo aende kwa Monet.