Wananiita Isilandi

Nimepotea wiki mbili, kuna walioanza kuuliza kama nimedisko. Nipo jamani, nilikuwa nimenuna tu.

Kisa ni semina. Nilipangiwa kueleza Ziwa Tanganyika katika Vita ya Kwanza ya Dunia, nikajisemea hii mada ya nyumbani kabisa. Mimi mtoto wa Kipili, kwetu ukitoka nje unaviona visiwa: Mvuna, Ulwile, Lupita. Basi bwana, nikafika kwenye neno island nikalisoma kama lilivyoandikwa, "isilandi". Darasa zima likaangua kicheko. Hosteli ndiyo jina langu sasa.

Hasira zikanipeleka maktaba. Kumbe hiyo s ni ya kuchomekwa! Waingereza wa zamani waliandika iland, bila s, na ndivyo walivyotamka. Kufikia karne ya 16 wakalifananisha na isle, neno la Kifaransa lililotokana na insula ya Kilatini, s ikaingia. Maneno yenyewe hayana hata undugu. Watu waliendelea kutamka vilevile, s ikabaki kwenye karatasi kututega sisi. Debt ni hivyohivyo: Wafaransa walisema dette, ile b wakaileta wasomi ili ifanane na Kilatini.

Sasa mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili atajuaje? Tahajia yetu ilisanifiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1930, na kila herufi unayoiona unaitamka. Nilifanya nilichofundishwa darasa la kwanza.

Ila kinachoniuma ni kingine. Semina hiyohiyo, mwanafunzi mgeni kutoka Ulaya alisoma jina la meli yetu, Liemba, akasema "Laimba". Meli ile Wajerumani waliiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini, ambalo Livingstone alilikuta huko 1867. Utotoni tukisikia honi yake tulikuwa tunakimbilia ufukweni.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilitikisa kichwa tu, kwa adabu.

Kesho nina semina nyingine. Island imo mara nne kwenye karatasi yangu, nimeshahesabu.