Chombo cha Zamani, Kamera Mpya: Upigaji Picha wa Angani na Mwendelezo wa Rekodi katika Mkoa wa Mara

Insha hii inachunguza desturi ya kubakiza chombo cha angani cha zamani na kukifunga kamera mpya, pamoja na athari zake kwa rekodi za utafiti. Hoja yake kuu ni kwamba kamera inapobadilishwa, kipimo nacho hubadilika, hata kama chombo, mahali na mrushaji ni wale wale. Mtafiti asiyetunza historia ya kamera yake hushindwa kutenganisha badiliko la mazingira na badiliko la kifaa.

Mkoa wa Mara ulikutana na tatizo hili kabla ya kuwapo kwa droni. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti wakiwa ndani ya ndege aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia. Walihesabu kwa macho na kupata nyumbu 99,481. Mwaka 1961 Talbot na Stewart waliyahesabu makundi makubwa kwa kutumia picha za angani, nao wakapata nyumbu zaidi ya 200,000. Uzazi pekee hauwezi kueleza ongezeko la kiasi hicho katika miaka mitatu. Eneo lililohesabiwa lilitofautiana, na picha iliruhusu kundi lihesabiwe polepole mezani badala ya kukadiriwa kwa kupepesa jicho. Baadaye nyumbu waliongezeka kweli, hasa baada ya kutoweka kwa sotoka, hadi kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, mwanzo wa mchoro wa ongezeko hilo una ufa uliosababishwa na mbinu ya kuhesabu.

Droni zililileta suala hilo kwa sura mpya. Phantom ya kwanza ya kampuni ya DJI, iliyotoka mwaka 2013, haikuwa na kamera yake. Mmiliki alifunga kamera ya GoPro chini yake. Phantom 2 ilipokea kishikizi chenye mota kilichotuliza kamera hiyo dhidi ya mtikisiko. GoPro Hero4 ilipotoka mwaka 2014, wamiliki wengi waliiweka mahali pa Hero3 na kuendelea kurusha chombo kile kile. Badiliko hilo lilikuwa na gharama: kamera mpya ilikuwa nzito kidogo, hivyo kishikizi kilihitaji kusawazishwa upya, na kila gramu iliyoongezeka ilipunguza muda wa kukaa angani. Aidha, lenzi pana ya GoPro hupinda mistari iliyonyooka, hasa pembezoni mwa picha. Kasoro hiyo haimsumbui mpiga filamu, lakini humpotosha mchora ramani.

Phantom 3 ya mwaka 2015 ilifunga mlango huo, kwani kamera yake ilikuwa sehemu ya mwili wa droni. Mmiliki aliyetaka uwezo zaidi alibaki na njia tatu: kubadili lenzi, kufungia kamera ndogo ya pili chini ya mwili, au kununua droni nyingine. Hata hivyo, kufungwa huko kulikuwa na faida kwa utafiti. Picha zote za chombo kimoja zilikuwa na tabia moja, na zililinganishika mwaka hadi mwaka. Droni za aina hiyo ndizo zilizotumiwa Zanzibar katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambapo Hardy na wenzake walitambua madimbwi ya mazalia ya mbu katika mashamba ya mpunga.

Athari ya jambo hili inaonekana wazi tukiutazama ufuko wa Makoko, Musoma. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita moja kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020. Badiliko kubwa kama hilo huonekana kwa kamera yoyote. Magugu maji ni suala jingine. Kwa kimo cha mita 100, pikseli moja ya Phantom 3 hufunika takribani sentimita 4.3 za ardhi, ilhali ya Phantom 4 Pro hufunika takribani sentimita 2.7. Vishada vidogo vya magugu ambavyo kamera ya kwanza iliviona kama doa tu vitahesabika kwa kamera ya pili. Mtafiti atakayeunganisha seti hizo mbili bila tahadhari anaweza kutangaza kwamba magugu yameenea, kumbe kilichoongezeka ni uwezo wa kuona. Mvuvi na halmashauri wataelekezwa kutumia nguvu dhidi ya ongezeko ambalo halikutokea. Kosa hilo ni la ukoo mmoja na lile la kulinganisha hesabu za 1958 na 1961.

Insha hii haipingi kuboresha droni za zamani. Kwa taasisi zenye bajeti ndogo, kubadili kamera mara nyingi ndiyo njia pekee ya kuendelea na kazi. Inachodai ni utaratibu. Kwanza, kamera ya zamani na mpya zirushwe siku moja, mahali pamoja na kwa kimo kimoja, ili tofauti yao ipimwe. Pili, aina ya kamera, lenzi na tarehe ya kubadilishwa viandikwe pamoja na picha. Tatu, picha za awali zihifadhiwe bila kusahihishwa. Hesabu za Serengeti zingekuwa na manufaa zaidi leo kama njia hizo mbili zingetumiwa sambamba walau msimu mmoja.