Pesa ya ziada kwenye bili ya mwezi ni ya nani?

Mtu analipia intaneti ya nyumbani shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwezi huu ametuma 5,000. Ile 3,000 iliyozidi ni ya nani? Niliulizwa swali hili na vijana wawili wanaosambaza waifai mtaani kwetu, na jibu langu halikuwafurahisha: ni ya mteja, mpaka siku atakapopewa huduma yake. Wao walikuwa wameshaihesabu kwenye faida.

Kwa lugha ya hesabu hilo ni salio la mteja, na kwenye vitabu vya mwenye biashara hukaa upande wa madeni, kwa sababu anadaiwa ama huduma ama marejesho. Mwezi wa pili ukiingia na ankara ya 2,000 ikatolewa, ndipo 2,000 inatoka kwenye deni na kuwa mapato. Mteja anabaki na 1,000 yake. Huku Pwani mambo haya ni ya kila siku. Mtoto yuko Doha, hataki mama yake wa Kisauni akatiwe intaneti, basi analipa miezi mitatu kwa mpigo.

Salio huzaliwa kwa njia nyingine pia. Kuna aliyelipa mara mbili kwa sababu ujumbe wa M-Pesa ulichelewa. Kuna aliyefidiwa kwa siku ambazo laini ilikatika. Na kuna aliyeshuka kifurushi katikati ya mwezi, na huyu ndiye anayewachanganya wengi. Tuseme alilipia 3,000 kwa siku 30, na baada ya siku 20 akahamia kifurushi cha 1,500. Siku 10 zilizobaki za kifurushi cha zamani zina thamani ya 1,000. Siku 10 za kipya ni 500. Tofauti, shilingi 500, inaingia kwenye salio lake.

Lakini salio si la aina moja tu. Pesa aliyoitoa mteja mfukoni mwake ni amana. Zawadi ya kampuni, mathalan shilingi 300 kwa kumleta jirani, ni hisani, na hisani inaweza kuwekewa muda na masharti, bora yatajwe tangu mwanzo. Ziwekwe mbali mbali kwenye mfumo. Ankara inapotoka, naona ni haki zawadi itumike kwanza, maana ndiyo inayokwisha muda, na pesa ya mteja ibaki salama. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea ujumbe kwamba salio langu la pesa taslimu "limeisha muda". Pesa si maziwa.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ndipo mifumo mingi inapoharibika. Salio huwekwa kama tarakimu moja kando ya jina la mteja. Akilipa inafutwa, inaandikwa nyingine. Miezi sita baadaye mteja akiuliza pesa yake ilienda wapi, hakuna wa kumjibu. Njia sahihi ni kuandika kila tukio mstari wake: tarehe, kiasi, sababu, aliyeidhinisha, na namba ya muamala. Mstari haufutwi. Ukikosewa, unaandikwa mwingine wa kuurekebisha, na salio ni jumla ya mistari yote. Namba ya muamala wa M-Pesa haijirudii, kwa hivyo programu ikataze namba moja kuingia mara mbili. Taarifa ya malipo huweza kufika kwenye mfumo zaidi ya mara moja, na bila kizuizi hicho mteja ataonekana amelipa 4,000 ilhali alituma 2,000.

Sasa akaunti iliyoandikwa vibaya. Kwenye Paybill mteja huandika mwenyewe namba ya akaunti, na tarakimu moja ikipotea pesa inaelea. Usikisie ni ya nani kwa kufanana kwa jina; akina Fatma Mohamed ni wangapi Mombasa? Iweke kwenye akaunti ya kungojea, iondoke huko pale tu mtu atakapoonyesha namba ya muamala pamoja na simu iliyotuma. Na akaunti hiyo ipitiwe kila wiki, isigeuke jaa.

Kwa upande wa kodi nitapita haraka. Biashara iliyosajiliwa kwa VAT ijue kwamba sheria ya Kenya haingojei ankara peke yake: malipo yakitangulia, wajibu wa kodi ya asilimia 16 huweza kuanza siku pesa ilipopokewa. Keti na mhasibu wako kabla ya kuwashawishi watu walipe mwaka mzima.

Mteja akihama au akikatisha huduma, salio lake la pesa lirudishwe kwake. Wengi hunyamaza wakingoja aulize. Shilingi 200 haimtoi mtu nyumbani, lakini za wateja 1,000 ni shilingi 200,000, na pesa iliyokusanywa kwa kutegemea usahaulifu wa watu mimi siioni kuwa halali. Serikali nayo ina neno: chini ya sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya mwaka 2011, amana na malipo ya awali ya huduma kama maji na umeme, yakikaa miaka miwili tangu huduma kusitishwa bila mwenyewe kuyadai, huhesabiwa kuwa yameachwa na hupaswa kukabidhiwa mamlaka inayohusika, ambako mwenye haki bado anaweza kuyafuata.

Na mteja akifariki? Salio lake ni sehemu ya mirathi, hata likiwa dogo. Kwa familia ya Kiislamu iliyopeleka mirathi yake kwa Kadhi, kampuni iombe hati ya kumtambulisha msimamizi, ilipe, na mstari wa malipo hayo uandikwe kwenye daftari kama mingine. Kuihamishia akaunti ya aliyebaki nyumbani humo kwa sababu tu ndiye anayetumia waifai ni kugawa mali ambayo warithi hawajagawana.