Majina Nyuma ya Picha



Katika sakristia ya parokia yetu, hapa Lubumbashi, palikuwa na picha iliyotundikwa ukutani miaka mingi bila mtu kuitazama. Padri mwenye ndevu ameketi kitini. Nyuma yake wamesimama watu 23 mbele ya mlango wa kanisa. Chini yake, kwa wino uliofifia, limeandikwa kwa Kifaransa jina la padri, kisha maneno matatu tu: «na Wakristu wake».

Mwaka jana tuliishusha picha ile, tukampelekea nkambo mmoja anayekaa Katuba, mama aliyebatizwa zamani kabla ya uhuru. Aliisogeza karibu na dirisha, akanyamaza kitambo. Kisha akaanza kuwaita watu kwa majina, kana kwamba wamepita njiani mbele ya nyumba yake. Aliwataja tisa. Mmoja wao uso ulikuwa umefutika kabisa, lakini alimtambua kwa namna alivyofunga kitambaa kichwani. «Huyu ni yaya wangu,» alisema, na hakuendelea mpaka alipokwisha kupangusa macho.

Tukiwa na majina hayo tisa tulimwomba Paroko atufungulie vitabu vya zamani, naye alikubali, akakaa pamoja nasi. Wengi wetu tulidhani kitabu cha ubatizo ni orodha tu. Sivyo. Kila mstari una jina la mbatizwa, la wazazi wake, la msimamizi wake, la padri aliyebatiza, pamoja na tarehe na mahali. Pembeni, kwa wino na mkono mwingine, yameongezwa mambo yaliyofuata: kipaimara, ndoa na parokia ilipofungwa. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuandikwa kwa muda wa miaka ishirini au zaidi, na mapadri watatu wasiojuana. Tulimwona yaya wa nkambo akiingia Kanisani akiwa mtoto mchanga, kisha akiolewa mbali na hapa.

Nkambo alikuwa ametuambia kwamba picha ilipigwa mwaka 1958, siku Askofu alipokuja kuwapa kipaimara. Kitabu kinasema siku hiyo ilikuwa ya mwaka 1954. Hapo kitabu kilimshinda. Lakini padri aliyeandika jina la baba yake aliliandika kama alivyolisikia, naye hakulisikia vizuri. Nkambo alilisahihisha mara moja, na hapo yeye alikishinda kitabu. Tangu siku ile hatumwamini mmoja bila mwenzake.

Jambo hilo lina uzito hata katika mambo makubwa ya mji wetu. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa vita ya dunia, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Idadi ya wafu iliyoandikwa na serikali ya wakoloni na ile waliyoitunza wazee katika kumbukumbu zao hazikupatana. Aliyeshika kalamu siku ile alikuwa na sababu zake za kuandika machache. Waliozika hawakuwa na kalamu.

Lakini wako waliojitafutia kalamu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwa niaba ya chama cha wale waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu: wapishi, maboi, watunza bustani. Mwandiko huo unaitwa kwa Kifaransa «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Haukufuata sarufi ya shuleni, wala haukutoka katika ofisi yoyote ya serikali. Mtaalamu Johannes Fabian aliuchapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanachuo wa nchi za mbali wanausoma. Je, ni wangapi kati yetu, wenye lugha hiyo, tuliowahi kuusikia?

Picha nazo zina bwana wao. Union Minière ilipiga picha nyingi za wafanyakazi wake, wakiwa wamepangwa kwa mistari, kwa matumizi ya kampuni yenyewe. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mwana wa mji huu, alizichukua baadhi ya picha hizo za zamani akawasimamisha watu wale mbele ya mitambo iliyokufa ya Gécamines. Ukiwatazama utadhani wamerudi kuuliza kazi yao imekwenda wapi. Swali hilo linatugusa, kwa sababu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini, na katika nyumba nyingi kilichobaki cha maisha ya baba ni karata yake ya kazi na picha mbili au tatu ndani ya sanduku la bati.

Kuna tatizo jingine, ambalo vijana hawalitambui upesi. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristu, na watu wakabadilisha vitambulisho. Mjukuu anayemtafuta babu yake kwa jina lililo kwenye kitambulisho cha wakati wa Zaire anaweza kupekua kitabu cha ubatizo mpaka jioni asimwone, kumbe yumo, kwa jina ambalo nyumbani hakuna anayelitumia tena. Waulizeni wazee majina yote mawili.

Kuhusu kazi yenyewe, tuliyojifunza ni machache. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa maana kalamu ya wino hupenya na kuharibu uso wa mbele. Msibandue picha iliyoshikana na albamu. Ipigeni kwa simu ilivyo, karibu na dirisha, kisha mwachieni mwenyewe ya kwake. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na sanduku lililowekwa chini ni chakula cha mchwa. Vitabu vya parokia havipigwi picha wala havisambazwi bila ruhusa ya Paroko, kwa maana vina habari za watoto na ndoa ambazo familia nyingine hazipendi zijulikane. Na kama kitabu cha kwenu kiliungua au kuibwa, msikate tamaa mara moja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu vya parokia ipelekwe kwa Askofu. Pengine nakala ya kitabu chenu imelala jimboni.

Katika picha yetu watu 14 walikuwa bado hawana majina. Mzee mmoja wa mtaa wa Kenya, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, ametupatia watano. Nkambo wa Katuba alifariki mwezi wa sita. Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, picha itawekwa juu ya meza mlangoni mwa kanisa, na penseli kando yake.