Kufundishana kwa wanafunzi katika fizikia

Kufundishana kwa wanafunzi ni mbinu ya kufundisha fizikia ya mwaka wa kwanza chuo kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Eric Mazur, mwanafizikia mzaliwa wa Uholanzi anayefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mazur aligundua kuwa wanafunzi waliokokotoa hesabu ngumu bila taabu walikwama kwenye maswali mepesi ya dhana. Lori likigongana na gari dogo, lipi husukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Wengi hujibu lori, ingawa kwa kanuni ya tatu ya Newton kani hizo ni sawa.

Mwanafunzi husoma mada kabla ya kipindi. Darasani mhadhiri hueleza kwa ufupi, kisha huuliza swali la kuchagua jibu. Kila mmoja hufikiri peke yake na kupiga kura, kwa kadi au kwa kifaa cha kielektroniki. Waliopatia wakiwa takriban asilimia 30 hadi 70, majirani hujadiliana, kila mmoja akitetea jibu lake kwa hoja, na kura hurudiwa. Hapa ndipo penye nguvu ya mbinu hii: aliyeelewa dakika chache zilizopita bado anakumbuka alikokwama, jambo ambalo mhadhiri mzoefu amekwisha kulisahau.

Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alichapisha ulinganisho wa kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000. Katika kozi zilizowashirikisha wanafunzi, kama mbinu hii inavyofanya, ongezeko la uelewa wa dhana lilikuwa karibu maradufu ya lile la mihadhara mitupu.